Sifuri Huchukuliwa Nje

Siku yangu ya kwanza katika kikosi cha dharura cha gesi nilikabidhiwa vitu vitatu: funguo za gari, chupa ya maji ya sabuni, na mashine ndogo ya manjano yenye shingo ndefu inayopindika. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Nilikuwa fundi bomba hapa Stockholm tangu nilipomaliza mafunzo yaliyonitoa Tanga nikiwa kijana, na nilijiona najua kila kinachopita ndani ya bomba. Nikaiwasha ile mashine papo hapo, juu ya meza ya Msimamizi wa Kikosi, ili aone kwamba hakuajiri mshamba.

Msimamizi alikuwa mtu wa kaskazini ya mbali, kule ambako watu hupima maneno kama dawa ya mtoto.

"Umeiwasha wapi?" aliniuliza.

"Hapa."

"Zima. Twende uani."

Tulisimama kwenye theluji, mimi bila kofia, hadi mashine ilipomaliza kupata moto. Ilichukua dakika tatu hivi. Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo ndilo kazi yote, mengine ni nyongeza. Mashine ya kupima gesi haizaliwi ikijua hewa safi ni ipi. Kila inapowashwa huvuta hewa iliyo karibu nayo, ikaionja, ikajiambia: hii ndiyo safi, hii ndiyo sifuri. Kuanzia hapo hupima kila kitu kwa kulinganisha na onjo lile la kwanza.

"Sifuri huchukuliwa nje," alisema. "Ukiichukua ndani ya nyumba yenye gesi, umeifundisha mashine kwamba gesi ni hewa. Baada ya hapo itakudanganya kwa uaminifu wote."

Mimi nilicheka kwa jinsi alivyolisema. Yeye hakucheka.

Nawaandikia ninyi mnaoingia kazi hii sasa, mkiwa na mashine nzuri kuliko zetu. Wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nyumba nyingi za katikati ya jiji zilikuwa bado zinapikia gesi ya mji, ile inayopita kwenye mabomba chini ya barabara. Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu ya yai bovu hutiwa makusudi ili pua ya mtu istuke. Lakini pua huchoka. Mtu aliyekaa na harufu nusu saa haisikii tena, ndiyo maana tulipewa mashine, nasi tuliiita Pua.

Pua ilisoma kwa asilimia. Mia maana yake hewa imeshika gesi ya kutosha kulipuka ikipata cheche. Sisi hatukungoja mia; ikifika kumi tuliwatoa watu kwanza, maswali baadaye. Kengele ya mlango hatukuibonyeza kamwe, kwa sababu ndani ya kengele mna umeme na umeme una cheche. Tuligonga kwa vifundo vya vidole. Taa hatukuwasha wala kuzima. Lifti tuliiacha, tukapanda ngazi hata orofa ya sita, na magoti yangu mpaka leo yananikumbusha hizo ngazi za Vasastan na Södermalm, moja baada ya nyingine.

Tukishapata harufu kwa mashine, tulitafuta tundu kwa sabuni. Unapaka maji ya sabuni kwenye kiungo cha bomba, gesi ikitoka hufanya mapovu. Mashine hukwambia gesi ipo. Sabuni hukuonyesha inatoka wapi. Msimamizi alisema fundi anayeamini mashine bila sabuni ni nusu fundi. Tena alitufundisha tofauti ya gesi mbili. Gesi ya mji ni nyepesi, hupanda, kwa hiyo unaitafuta darini. Gesi ya chupa, ambayo Waswidi huiita gasol, ni nzito kuliko hewa. Hushuka, ikatambaa sakafuni, ikajaa mahali pa chini kama maji. Hiyo unaitafuta miguuni.

Miaka mitatu nilikaa katika kikosi kile. Bibi mmoja wa Kiswidi aliniacha nje ya mlango wake muda wote mashine ikipata moto, akinichungulia kwa uwazi wa mnyororo, hakusema hata karibu. Siku zile niliona ni ukavu wa moyo. Nilimsimulia mke wangu jioni, tukamcheka. Kwetu mgeni hasimamishwi mlangoni. Anayesimama mlangoni ni mdai au mleta habari mbaya.

Kisha nilihamishiwa kikosi cha kukagua mabomba ya barabarani. Kazi ile ni kutembea. Unasukuma kigari chenye mpira unaoburuta juu ya lami na kunusa nyufa, kilomita baada ya kilomita, hadi Solna, hadi Sundbyberg, mvua na jua. Mkuu wa Mtandao wa Mabomba, bwana mwenye tai aliyekuwa akitembelea ofisi mara moja kwa mwezi, aliwahi kuniambia: "Hemedi, wewe huna papara. Unafaa kufundisha." Nilivimba kichwa wiki nzima. Naam, kweli sikuwa na papara, barabarani.

Mwisho nilirudishwa kukagua majumbani, chini ya Mkuu wa Usalama, mama mmoja mwembamba aliyekuwa mhandisi wa kemia. Huyu hakuwa mtu wa maneno ya hekima. Alikuwa mtu wa kumbukumbu. Mashine mpya zilikuwa na kumbukumbu ndani: saa ya kuwashwa, sifuri iliyochukuliwa, kila kilichopimwa. Kila Jumatatu asubuhi alizichomeka kwenye kompyuta yake na kuzisoma moja moja kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Wiki ya zamu ya dharura tuliruhusiwa kukaa na mashine nyumbani. Yangu ilikaa kwangu Hallonbergen, juu ya kabati la viatu.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazungukia.

Watu wetu hapa mnawajua. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha: Mtanzania, Mkenya, Mrundi, Mkongo, kila mmoja na chake. Mimi Mwislamu wa Tanga, rafiki zangu wa karibu wakawa familia ya Kilokole kutoka Bukavu, Papa Neema na Mama Neema, waliokuja kama wakimbizi. Walipanga sehemu ya chini ya nyumba moja huko Spånga. Unashuka ngazi saba kutoka uani, unaingia kwenye ukumbi mdogo wa viatu, kushoto chumba cha kufulia, mbele sebule na vyumba. Binti yao mmoja tu, Neema, alikuwa na miaka kumi na saba. Ukimsalimu Kiswahili anakuitikia Kiswidi.

Januari moja mama yake Mama Neema alifariki Bukavu. Kwenda kuzika ilishindikana, basi matanga yakawekwa Spånga. Watu walikuja kutoka kila upande, thelathini, arobaini, wakikaa sakafuni wakiimba. Jiko la umeme la nyumba ile halikuweza kupika kwa watu wote hao. Wakatoa jiko lao la gesi, lile la duara la miguu mitatu ambalo huwa wanalitumia uani wakati wa kiangazi, na chupa yake ya gasol. Lakini nje baridi ilikuwa ya kupasua midomo. Papa Neema akaliingiza chumba cha kufulia.

Jumamosi saa nane mchana Papa Neema alinipigia simu. Alisema mkewe anasikia harufu tangu asubuhi, wengine hawaisikii. Yeye alidhani ni majonzi tu, mtu aliyefiwa husikia mengi. "Njo na masini yako, Mzee, umutulize roho."

Nilikwenda. Nilikuwa bado sijatoa pole, na hilo lilinisumbua kuliko gesi. Nilishuka zile ngazi saba mashine ikiwa imezimwa mkononi. Niligonga kwa vidole, kama kawaida. Mlango ulifunguliwa na Mama Neema mwenyewe, kilemba cheusi kichwani, macho yamevimba, na nyuma yake viatu vimerundikana na watu wanaimba.

"Ingia, Mzee Hemedi, ingia. Usisimame ku mlango na hii baridi."

"Ngoja kidogo, mwanangu, kuna kitu..."

"Ingia kwanza! Watu watasema nini? Mama yangu amekufa na wewe unabakia nje?"

Nikaingia. Ningefanyaje? Nyumba ya msiba, mfiwa amekushika mkono, usimame nje kama mdai unangoja mashine ipate moto? Huwezi kutoa pole huku umeshika chombo cha kazi, basi nilikiwasha, nikakiweka sakafuni kando ya viatu vyangu, nikaenda kuwashika watu mikono. Nilimpa pole kila aliyestahili kupewa. Walinipa kiti, wakanipa chai, wakamaliza wimbo, mchungaji akaomba. Yote hayo mashine ilikuwa pale ukumbini, mahali pa chini kabisa pa nyumba ile, ikionja hewa ya sakafuni na kujiambia: hii ndiyo safi.

Niliporudi kuichukua, kioo kilionyesha sifuri. Niliingia nayo chumba cha kufulia. Jiko lilikuwa limezimwa na chupa imefungwa. Mama Neema alikuwa ameifunga juu kabisa, kwenye vali yake, kwa sababu ya ile harufu. Nilipitisha shingo ya mashine kwenye mpira, kwenye kiungo cha chupa, chini sakafuni. Sifuri. Chupa ya sabuni ilikuwa kwenye gari, mwisho wa barabara. Nilijua vizuri kwamba jiko lile halikustahili kuwa ndani ya nyumba, nikameza maneno kwa sababu ya msiba.

Papa Neema alisimama kizingitini. "Inasema nini?"

"Sifuri."

"Unaona?" akamwambia mkewe. "Nilikuambia."

Mama Neema hakuridhika. "Mzee, mi ninasikia. Tangu asubui ninasikia. Kama kuko gaz, tutoe hii jiko inje, wageni watakula chakula baridi, hakuna neno. Sema tu wewe."

Sikilizeni alichosema. Alikuwa tayari. Alikuwa ananingoja mimi tu.

"Mwanangu," nilimwambia, "pua ya mtu huchoka na huzuni nayo hunuka. Mashine haina huzuni. Pikeni."

"Na chupa? Kila mara ninafunga huku juu, ninainama, mugongo unauma."

"Usijitese. Funga kwenye jiko, yatosha. Chupa iache wazi."

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Aksanti, Mzee," na hapo neno likawa limekwisha, kwa sababu mzee amesema, tena mzee wa gesi. Nilikula wali na sombe, kisamvu cha kwao, nikarudi Hallonbergen nikijiona mtu wa maana. Nilipotoka nje na mashine mkononi sikuitazama tena, nikaizima kabla ya kuingia garini.

Jumapili asubuhi Papa Neema aliamka kabla ya wote kuchemsha maji ya chai ya wageni. Kiungo cha chupa kilikuwa kinavuja kidogo kidogo. Mpira wake wa ndani ulikuwa umekauka na kupasuka. Gesi ilitambaa sakafuni usiku kucha. Alipowasha kiberiti moto haukuwaka kwenye jiko, uliwaka chumbani. Mama Neema alimtoa kwa mikono yake mitupu akiwa bado anawaka. Wageni waliolala sebuleni walitokea madirishani, hakuna mwingine aliyeumia sana. Papa Neema alikufa hospitali siku ya tatu.

Nilipata habari Jumapili ile ile kabla ya adhuhuri. Nilikaa juu ya kitanda na kofia kichwani. Sikuhitaji mtu anieleze. Niliona ukumbi wa viatu, nikaona mashine sakafuni, nikasikia sauti ya Msimamizi wa kaskazini. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na aliyevunjika akawa rafiki yangu.

Jumatatu asubuhi Mkuu wa Usalama alichomeka mashine yangu kwenye kompyuta. Aliniita.

"Jumamosi hukuwa na mwito wowote," alisema. "Lakini mashine iliwashwa. Na angalia hapa: mwishoni imekwenda chini ya sifuri."

Kioo hakionyeshi chini ya sifuri, lakini kumbukumbu huonyesha. Mashine iliyoonja hewa chafu ikadhani ni safi, ukiitoa kwenye hewa safi kweli hushuka chini ya sifuri. Hakuna njia nyingine. Yeye alijua, na mimi nilijua kwamba anajua.

"Iliwashwa kwenye hewa chafu," alisema. "Wapi?"

Huko hospitali Papa Neema alikuwa bado hai, amefungwa bandeji mwili mzima. Ningeweza kusema.

"Garini," nilisema. "Nilikuwa naijaribu tu. Ile dawa ya kuoshea kioo cha gari ilimwagika, ina spiriti."

Ulikuwa uongo mzuri. Spiriti ile hustua mashine kweli, na Januari kila gari la Uswidi lina galoni yake. Alinitazama muda mrefu kuliko alivyozoea kumtazama mtu.

"Wewe ndiye unayewafundisha wengine, Hemedi," alisema. "Nje. Siku zote nje." Akaweka alama ya vema, akachukua mashine iliyofuata.

Wachunguzi wa moto walikuta mpira mkavu, na walikuta chupa iko wazi. Walimwuliza Mama Neema hospitali, mikono yake ikiwa ndani ya mifuko ya plastiki yenye dawa: nani alitumia jiko mwisho? Akasema ni yeye. Kwa nini hukufunga chupa? Akasema hajui. Neno langu hakulitaja. Nilikuwa nimesimama nje ya chumba, nilisikia. Mtu wa kwao hamkabidhi mzee kwa polisi, hasa mzee aliyekuja kumpa pole. Alinificha, nami nikaingia katika maficho yale nikatulia humo.

Neema alikuwa amesimama nami ukumbini. Aliangalia sakafu, akasema kwa Kiswidi: "Mamma glömde stänga." Mama alisahau kufunga. Hakulia. Alilisema kama mtu anayesoma jina kwenye mlango. Nilikuwa hatua moja tu kutoka kwake na nilikuwa na jibu mdomoni. Nilimwambia awe na subira.

Kwenye maziko ya Papa Neema nilikaa mbele pamoja na wazee. Nilisema maneno mazuri. Watu walinishukuru. Nikisema leo kwamba nilitamani ardhi inimeze nitakuwa natafuta huruma. Ukweli ni kwamba nilitamani zaidi kutojulikana.

Maneno ya watu hayana mlinzi. Walisema Mama Neema ana kichwa kizito, walisema msiba wa mama yake ulimchanganya, walisema mume mwema ameuawa na uzembe. Yeye na binti yake walihamia Upplands Väsby, kwenye chumba kimoja na jiko la umeme. Niliwatembelea mara mbili. Neema alikuwa akila chumbani na mama yake akila jikoni. Mama Neema aliniambia, mikono imekunjamana kama karatasi iliyoshika maji na kukauka: "Hanipigii kelele, Mzee. Ni heri angepiga. Anasema tu ja na nej." Ndiyo na hapana. Nilikunywa chai yake nikaondoka.

Miaka miwili zaidi nilifanya kazi. Ilikuwa miaka ya kubadilisha gesi ya mji, ikaletwa gesi ya aina nyingine na kila jiko likahitaji kurekebishwa, basi waliajiriwa mafundi wapya wengi na mimi nikawa mwalimu wao. Kila kundi nililitoa uani. Kila kundi nililisimamisha dakika tatu. "Sifuri huchukuliwa nje," niliwaambia, na nikaongeza ile ya kudanganya kwa uaminifu wote, wakacheka kama nilivyocheka mimi. Binti mmoja wa Kisomali, fundi hodari, aliwahi kuniuliza: "Je, wewe imewahi kukutokea?"

"Hapana," nilisema.

Siku ya kustaafu waliniletea keki ya kijani na maua. Mkuu wa Usalama alisoma karatasi: miaka kumi na kitu, hakuna ajali hata moja chini ya mkono wangu. Alipomaliza kusoma aliikunja karatasi na hakunitazama usoni. Nilirudisha mashine. Alitia sahihi kwamba ameipokea ikiwa nzima.

Vijana, watu huwaambia kwamba uzeeni mtu hupumzika. Kazi ndiyo iliyokuwa ikinipumzisha. Asubuhi bila zamu ni ndefu sana kwa mtu mwenye jambo. Nilikuwa nikikaa dirishani Hallonbergen nikitazama watu wakishuka kwenda kwenye treni ya chini ya ardhi, nikihesabu visingizio vyangu upya. Niliogopa kupoteza kazi, kazi imekwisha. Niliogopa polisi, miaka imepita. Mwisho kilibaki kimoja, nacho hakikuwa na mavazi ya kujifunika: nilipenda kuitwa Mzee. Msiba ule ulichukua baba wa Neema, ukachukua mikono ya mama yake, na mimi nilikuwa nimewaongezea kumnyang'anya binti mama yake ili watu wanipishe kiti.

Niliandika barua, kwa Kiswidi, kurasa mbili. Saa niliyoiwasha mashine, mahali nilipoiweka, nilichomwambia Mama Neema kuhusu chupa, uongo niliousema Jumatatu. Nilitia sahihi nakala tatu. Moja nilimpelekea Mkuu wa Usalama, moja polisi. Ya tatu niliitia mfuko wa koti, nikapanda treni ya Upplands Väsby. Ilikuwa Februari.

Niligonga kwa vidole. Mama Neema alifungua, akafurahi, masikini. Alikunja mikono kifuani kwa sababu ya baridi; ngozi ile haistahimili baridi.

"Mzee! Ingia, ingia."

"Leo nitasimama hapa, mwanangu."

"Ku mlango? Sababu gani?"

"Nikiingia utanipa chai, na nikinywa chai yako sitasema."

Nikamwambia. Nilimwambia mashine nimeiwasha wapi, na maana yake. Nilimwambia gesi ilikuwapo siku ile, pua yake ilisema kweli na mimi nikaikanusha. Nilimwambia chupa aliiacha wazi kwa sababu mimi niliagiza. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza treni ilikuwa ikiondoka kituoni.

"Ile neno ya chupa nilijua ulisema wewe," alisema. "Nilifikiri ulisema vizuri, na mi nilifanya mubaya mahali nyingine. Kila siku natafuta ile mahali. Kila siku, Mzee."

Aligeuka akaita ndani. "Neema! Njo."

Neema alitoka. Alikuwa ameshakuwa mwanamke, mrefu kuliko mama yake.

"Umwambie," Mama Neema alisema. "Umwambie kwa Kiswidi, asikie vizuri."

Nilisema tena yote, kwa Kiswidi, na hayakuwa mepesi zaidi kwa lugha ile. Kisha nikampa barua. Aliisoma pale pale kizingitini, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza. Aliniuliza jambo moja: nilijua tangu lini.

"Tangu Jumapili ile," nilisema. "Nilikuwa najua siku tuliposimama hospitali."

Aliikunja barua. Nilingoja anitukane, na lingekuwa jambo jema kwangu. Hakunitukana. Alimtazama mama yake, akatazama ile mikono iliyokunjwa kifuani, na akasema kwa Kiswahili, yule mtoto ambaye sikupata kumsikia akisema Kiswahili hata siku moja:

"Mama, ingia ndani. Iko baridi."

Akamshika begani akamwingiza, akafunga mlango. Mimi sikukaribishwa. Nilisimama pale nje dakika tatu hivi, muda ule niliopaswa kusimama nje kule Spånga, kisha nikaenda kituoni.